Mvule Uliishia Mlangoni

Zamani ukitaka kujua nyumba ya pwani ina pesa kiasi gani, hukuhitaji kuingia ndani. Ulitazama mlango. Lamu, Mombasa, Zanzibar, mbao bora kuliko zote ilichongwa ikawekwa upande wa barabara, na kwingine ikapigiliwa misumari mikubwa ya shaba. Huko nyuma uani, jiko likabaki na mafiga matatu na moshi.

Hata wageni waliona hivyo. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331 alisifu misikiti ya mbao ya Mombasa. Alipokuwa Mogadishu alisimulia wali wa samli uliopakuliwa kwenye sahani kubwa ya mbao. Mahali ulipopikiwa? Kimya.

Nimeingia kwenye haya kwa sababu mama anajengewa jiko Ukunda, na fundi anataka jibu: kaunta ya mbao gani, vishikio vya rangi gani. Swali jipya kabisa kwetu. Kwa bibi, Msambweni, kulikuwa na kinu na mchi, chano, upawa wa kifuu na mbuzi ya kukunia nazi. Mbao zipo tele, lakini zote za chini. Kazi ilifanywa umekaa au umeinama. Kaunta ya nini?

Mimi nilitaka mvule. Mvule hauogopi maji sana, mchwa huushindwa, ingawa unga wake ukipasuliwa huchoma pua hadi fundi anajifunga leso. Lakini kusema kweli sababu yangu haikuwa mchwa. Ilikuwa hasira. Nilitaka mbao ya mlangoni iingie jikoni, basi.

Tatizo ni inakotoka. Miti mizuri iliyobaki Kwale, mvule na mbambakofi, utaikuta Shimba Hills na kwenye kaya. Kwa Kidigo kaya ni nyumbani tu, neno la kila siku. Ukienda Kaya Kinondo, kusini kidogo ya Diani, unafungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia, na hutoki na hata kijiti. Serikali ilianza kutangaza kaya kuwa turathi ya taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kadhaa, Kinondo ikiwemo, kwenye orodha ya urithi wa dunia. Wazee walikuwa wamezilinda muda mrefu kabla ya karatasi hizo. Halafu mwaka 2018 ukataji kwenye misitu ya umma ukapigwa marufuku nchi nzima. Kwa hiyo mvule mwingi unaouzwa Kenya huvuka mpaka kutoka Kongo na Uganda. Mwenye villa Diani anayetaka jiko la "mbao za pwani" anapapasa ubao uliokaa kwenye lori siku nyingi.

Mnazi tuliufikiria. Pembeni ni mgumu, unamaliza meno ya msumeno, katikati ni laini kama mkate. Tukauacha.

Mama ndiye aliyemaliza mjadala. "Mvule ni wa mlango. Watu wataniona nina kiburi." Karibu miaka 700 baada ya Ibn Battuta, na bado jiko haliruhusiwi kuringa! Akachagua mwembe: mzee, hauzai tena, uko shambani kwetu. Ni mbao ya bei ndogo na wadudu huipenda, kwa hiyo ikaushwe vizuri, ipigwe dawa mapema, na juu ipakwe mafuta yasiyodhuru chakula.

Kwenye vishikio nilishinda mimi. Vile vya dhahabu vya madukani vingi ni zinki iliyopakwa rangi, na upepo wa chumvi huvibambua haraka. Stenlesi nayo ina daraja: 316 huvumilia bahari kuliko 304, na bei yake unaisikia mfukoni. Shaba yenyewe haishiki kutu ya chuma. Hufifia, huweka ukijani, kisha unaisugua kwa ndimu au ukwaju na majivu, inang'aa tena. Yaani dawa ya misumari ya mlangoni ilikuwa jikoni siku zote.

Tumenunua sita. Na chini ya dirisha fundi ameambiwa aache pengo bila kaunta, hapo mama ataweka mbuzi yake.