Mama anafunga, papa anasukuma: historia ya pusete kwenye njia ya wahami

Mwezi wa pili mwaka 2025, kambi za wahami pembeni mwa Goma zilipokuwa zinafungwa, nilisimama kando ya barabara ya Sake na kinasa sauti changu. Familia zilikuwa zinatoka Bulengo na Lushagala, zinarudi upande wa Masisi. Kati ya chukudu na pikipiki akapita papa mmoja akisukuma pusete, yaani kigari cha mtoto, kuukuu, gurudumu moja limefungwa kwa kamba ya mpira. Ndani mlikuwa bidoni mbili, masufuria na gunia la maharage. Juu ya gunia alikaa mtoto wa miaka kama mitatu. Mama yake alitembea nyuma, godoro kichwani, mdogo wa mwisho mgongoni ndani ya kikwembe.

Vijana wakacheka: « Papa amekuwa muzungu! »

Nikamuuliza mama kwa nini hamweki na yule mdogo ndani ya pusete ili apumzike kidogo. Akajibu: « Huyu si mzigo. Nikianguka, tunaanguka wote wawili, lakini hatuachani. » Nikamgeukia papa: je, yeye angeweza kumbeba mtoto mgongoni, mama akasukuma? Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. « Mimi? Na kikwembe? »

Majibu hayo mawili sikuyatangaza redioni siku ile, kulikuwa na habari nzito zaidi. Lakini hayakunitoka kichwani, nikaanza kutafuta kigari hiki kilitoka wapi na ni nani alikuwa anakisukuma.

Kilianzia kwa matajiri. Mwaka 1733, huko Uingereza, fundi aitwaye William Kent alimtengenezea mtawala wa Devonshire kigari cha watoto wake, chenye umbo la kombe. Hakikusukumwa na mama wala baba: kilivutwa na mnyama mdogo. Baadaye, katika karne ya 19, vikawekwa mishikio na watu wakaanza kuvisukuma. Kwenye nyumba kubwa kazi hiyo ilikuwa ya yaya. Mwaka 1889, Mmarekani mweusi, William Richardson, alipata hati ya uvumbuzi wa kigari ambacho kitanda chake kiliweza kugeuzwa, mtoto akamtazama anayesukuma au akatazama njia. Kwa muda mrefu, wababa wengi wa Ulaya waliona haya kuonekana barabarani wakisukuma kitu hicho. Hapo nilicheka peke yangu, maana nilidhani haya ni ya kwetu tu.

Kigari chepesi cha kukunja kilikuja mwaka 1965. Mwenye kukibuni, Owen Maclaren, alikuwa mhandisi wa ndege aliyewahi kufanya kazi kwenye magurudumu ya ndege ya vita, Spitfire. Alimuona binti yake akitaabika safarini na kigari kizito cha mtoto, akachukua mabomba ya alumini, akatengeneza kingine chenye uzito usiofika kilo 3. Taabu ilikuwa ya mama, na babu akaitatua kwa kuunda mashine.

Lakini ukurasa unaotuhusu sisi zaidi ni wa mwaka 1940. Mwezi wa tano, majeshi ya Ujerumani yalipoingia Ubelgiji na Ufaransa, mamilioni ya raia walishika njia kuelekea kusini. Ndiyo, Wabelgiji wale wale waliokuwa wanatawala hapa kwetu, nao walilala kando ya barabara na ndege za vita zikiwapiga kutoka juu. Katika picha za siku zile utaona mikokoteni, baiskeli, na pusete nyingi zilizojaa mablanketi na sanduku. Wanaume wengi walikuwa wameitwa jeshini, kwa hiyo waliosukuma walikuwa hasa wamama na wakokwe. Na watoto walipotea kwa maelfu katika msongamano. Kwa miezi mingi magazeti ya Ufaransa yalichapisha matangazo ya wazazi wakitafuta watoto wao. Mtu wa Rutshuru au Kitchanga akisoma matangazo hayo, hahitaji kuelezwa.

Huku Kongo, pusete ilikuja na hao hao Wabelgiji. Babu yangu alikuwa boyi kwa mzungu mmoja Bukavu, mji ulipokuwa bado unaitwa Costermansville. Alipika, alipiga pasi, na kila saa kumi jioni alimsukuma mtoto wa madame kandokando ya ziwa. Alituhadithia hayo bila haya yoyote, hata alijisifu kwamba mtoto alikuwa halii kwake. Tukamuuliza: « Na papa yetu ulimbeba? » Akasema: « Mtoto ana mama yake. » Bibi alikuwa anapepeta maharage, hakuinua kichwa.

Nafikiri jibu la babu linaeleza mengi. Kusukuma pusete ya mzungu ilikuwa kazi, na kazi haimvunjii mwanaume heshima. Kubeba wake mwenyewe kungeonwa na majirani. Ndivyo ilivyo hata kwenye chukudu yetu, iliyoenea Kivu tangu miaka ya 1970: mbao ngumu, magurudumu yaliyovikwa mpira wa gari kuukuu, na mwanaume juu yake. Goma imeisimamishia sanamu. Papa atapandisha mtoto juu ya chukudu, katikati ya viazi na makala, na hakuna atakayemcheka. Gurudumu linampa ruhusa. Mama naye, hata akiwa na mzigo mzito uliofungwa kwa kamba kwenye paji la uso, mtoto atamtafutia nafasi mwilini mwake, mbele au nyuma.

Sisemi kwamba mmoja anapenda kuliko mwingine. Nimewaona wababa waliovuka mto na watoto wawili mabegani. Ninachosema ni kwamba wakati wa kukimbia, mazoea haya yanaacha mtoto mmoja bila mahali pake.

Usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipolipuka, watu wa Goma walikimbilia Sake na Rwanda. Kesho yake UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao, na wengine zaidi ya 170 walihofiwa kupotea. Niliokutana nao mimi siku zile hawakuwa wachanga. Walikuwa wa miaka minne, mitano, saba. Mkubwa mno kwa kikwembe kwa sababu kuna mdogo wake mgongoni, na mdogo mno kufuata hatua za watu wazima gizani. Mama amemshika mkono, lakini mkono huo una bidoni pia. Papa yuko mbele na mzigo. Msichana mmoja aliniambia alikuwa ameshika kikwembe cha mama yake njia yote. Kulipopambazuka akaona kwamba ni kikwembe cha mama mwingine, cha rangi ileile.

Ndiyo maana yule papa wa barabara ya Sake sikumcheka. Nilipotazama vizuri, niliona mtoto aliye juu ya gunia amefungwa kiunoni kwa kipande cha kitambaa, na ncha ya pili imezungushwa kwenye mkono wa papa. Rangi ilikuwa ileile ya kikwembe kilichombeba mdogo wake. Nikamuuliza ni nani aliyewaza hivyo.

« Mama yake. Alichana kile kizuri, cha arusi. »

Walipofika kwenye mpando, pusete ikakwama katika mawe ya volkano. Mama akashusha godoro, akaja kusukuma kutoka upande, mdogo akiwa bado mgongoni. Papa hakufungua kitambaa mkononi, ingawa kilikuwa kinamsumbua.