Bundi, Kamera na Usiku wa Kabatoro

Kwetu Kabatoro, mji mdogo uliozungukwa na Mbuga ya Taifa ya Malkia Elizabeth, wengi wakisikia bundi akilia hungojea habari ya msiba. Wageni nao hufika na kamera wakimtafuta bundi huyohuyo na makinda yake. Katika insha hii nadai kwamba historia ya kupiga picha wanyama wa usiku ina funzo kwa pande zote mbili.

Afrika Mashariki, kazi hiyo ilianza kwa nguvu. Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyesafiri katika nchi ya Wamaasai karibu na Kilimanjaro, aliwafunga punda na ng'ombe wawe chambo cha simba, kisha akalipua unga wa magnesi ili kupata mwanga. Picha zake alizichapisha kitabuni mwaka 1905. Ili mnyama aonekane, ilibidi kwanza ashtuliwe.

Mwaka 1937, huko Wales, Mwingereza Eric Hosking alipanda gizani kwenda kwenye kibanda chake cha kujificha, karibu na kiota cha bundi. Ndege alimrukia usoni, naye akapoteza jicho la kushoto. Wapo watakaosema huo ndio ukorofi wa bundi. Mimi naona ni mzazi aliyelinda makinda yake.

Mbuga yetu ilianzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, ikapewa jina la malkia mwaka 1954. Ndani yake yupo bundi mkubwa wa kijivu, mwenye kope za rangi ya waridi. Hajengi kiota, hutumia vya ndege wengine, hata paa la kiota cha fundichuma. Kwa kawaida hutaga mayai mawili, lakini mara nyingi hukua kinda mmoja tu. Mpiga picha akimfukuza mama kwa taa kali, kinda huyo hubaki bila ulinzi. Mwanakijiji akimpiga mama kwa mawe kwa sababu ya mlio wake, hasara ni ileile.

Kwa hiyo naona picha zipigwe kwa mbali, bila taa kali, na zionyeshwe kwanza katika shule za hapa kabla ya kupelekwa ng'ambo. Mtoto aliyemwona bundi akimlisha kinda wake hataokota jiwe upesi.