Buyu la Mganga

Wahenga walituachia neno lisemalo kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Neno hili aghalabu huambiwa mlafi na mbadhirifu, lakini mtu akilitazama vema ataona kuwa maana yake ni pana zaidi. Linatufundisha kwamba kila kitu chenye nguvu au utamu hukaa katika chombo, na hapana chombo kisicho na mwisho. Katika insha hii nataka kueleza jinsi watu walivyoifikiri nguvu ya uganga na ulozi kuwa kitu cha akiba, chenye kipimo, bei na kikomo. Nitaanza na mchezo wa vijana wa siku hizi, kisha nitarudi nyumbani, katika nchi ya Meru na Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya.

Jumamosi moja niliwakuta wanafunzi watano wa chuo chetu wameizunguka meza, mbele yao karatasi, kalamu za risasi na dadu za pande nyingi. Mmoja alikuwa msimulizi wa hadithi, na wengine kila mtu alijifanya mtu fulani ndani ya hadithi ile: huyu askari, huyu mwizi, huyu mlozi. Maadui walipotokea, wenzake walimgeukia mlozi awachome moto. Kijana yule akaitazama karatasi yake, akatikisa kichwa, akasema, "Nimeishiwa. Mpaka nilale." Mwanafunzi mmoja aliyekuwa mtazamaji kama mimi aliniuliza, "Mwalimu, ikiwa ni miujiza, kwa nini iishe?" Sikuwa na jibu siku ile. Maneno yanayofuata ndiyo jibu langu.

Mchezo wa namna hii ulichapishwa kwanza Marekani mwaka 1974, kwa jina la Dungeons & Dragons, na watungaji wake ni Gary Gygax na Dave Arneson. Katika kanuni zao za awali, mlozi aliyeanza kazi alipewa tendo moja tu la ulozi. Akilitumia limekwisha, naye hana budi kungoja apumzike na kujifunza upya. Kadiri alivyopanda daraja ndivyo idadi ilivyoongezeka, lakini haikukosa kuhesabiwa hata siku moja. Fikira hiyo Gygax aliipata katika hadithi za Jack Vance, mwandishi Mmarekani ambaye mwaka 1950 alitoa kitabu kiitwacho The Dying Earth. Humo walozi hushika maneno machache kichwani kwa taabu kubwa, na kila neno likisha kutamkwa hufutika katika akili ya msemaji, sawa na mshale uliokwisha kutoka katika podo.

Watungaji wengine walipima kwa njia nyingine. Ken St. Andre, katika mchezo wake Tunnels & Trolls wa mwaka 1975, alimfanya mlozi alipe kwa nguvu za mwili wake mwenyewe, hata akawa hoi baada ya kazi. Katika Call of Cthulhu, mchezo wa mwaka 1981, mtu anayegusa elimu ya siri hulipa kwa akili yake timamu, kidogo kidogo, mpaka wazimu umpate. Tena kitabu cha kanuni za Dungeons & Dragons cha mwaka 1978 kilidai vitu vya mkononi pia: atakaye kurusha moto sharti awe na kinyesi cha popo na kiberiti. Hivyo zikapatikana njia nne za kupima: idadi ya siku, nguvu ya mwili, utimamu wa akili, na vitu vya mkobani.

Kwa nini wakajisumbua hivyo? Sababu ya kwanza ni haki kati ya wachezaji. Lau mlozi angeweza kila kitu wakati wote, askari na mwizi wangekaa kitako wakimtazama, na hadithi ingekuwa ya mtu mmoja. Sababu ya pili ni kwamba mtu mwenye akiba ndogo hulazimika kuchagua, na katika kuchagua ndipo tabia yake ionekanapo. Je, autumie moto wake sasa ili amwokoe rafiki, au auweke kwa hatari iliyo mbele? Asiyepungukiwa haulizwi swali hilo.

Basi msomaji asidhani kwamba fikira hii ilizaliwa Marekani. Wachezaji wengi huiita akiba ya mlozi kwa neno mana, na neno hilo si la Kizungu. Limetoka katika visiwa vya bahari ya Pasifiki, na Robert Codrington alilieleza katika kitabu chake juu ya Wamelanesia mwaka 1891. Hata sisi wa Mlima Kenya tulikuwa na hesabu yetu, nayo ilikuwa na mizani iliyo kamili kuliko ile ya mezani.

Kwanza tupambanue maneno. Mganga, Wameru humwita mugaa, na Waembu na Wambeere humwita mundu mugo, kama waitavyo Wakikuyu. Mchawi anayedhuru watu kwa siri ni murogi. Kwa watu wa kale hawa wawili hawakuwa kitu kimoja, kama vile mlinzi na mnyang'anyi si kitu kimoja ingawa wote wana mikuki. Mganga alijulikana, nyumba yake ilijulikana na ada yake ilijulikana. Murogi alikuwa gizani.

Mali ya mganga ilikuwa katika mkoba na mabuyu yake. Mlikuwa na pembe za wanyama zilizotiwa unga wa dawa, na udongo mweupe uitwao ira, ambao hutumiwa katika kutakasa. Tena palikuwa na buyu la kupigia ramli, lenye kokwa au vijiwe viitwavyo mbugu. Mtu alipokuja na shida, mganga alilitikisa buyu, akamimina sehemu ya mbugu, akazihesabu mafungu mafungu, na yale mabaki ndiyo yaliyompa la kusema. Angalia jambo hili: mganga hakusema alilotaka tu. Alifungwa na hesabu iliyotokea mbele ya macho ya mwenye shida, kama kijana wetu alivyofungwa na dadu.

Wala mkoba huo haukupatikana bure. Wito wenyewe mara nyingi ulisemwa kuwa umekuja kwa maradhi au kwa ndoto. Aliyeitwa alijifunza kwa mganga mzee, akatoa mbuzi kuwa ada ya kuingizwa kazini. Kila dawa ilitafutwa kwa miguu, porini na mlimani, nayo ikitumika hupungua. Kila kazi ilikuwa na malipo yake, pengine pombe ya asali, pengine kondoo au mbuzi. Mtu aliyepatwa na unajisi wa kuvunja mwiko, ambao Wameru huuita mugiro, hakutakaswa kwa maneno matupu. Ilibidi mnyama achinjwe, na mwenye mnyama ni yule anayetakaswa. Kwa hiyo gharama haikuwa juu ya mganga peke yake: aliyetaka nguvu itumike aliihisi katika zizi lake.

Kadhalika na fingo za kulinda shamba na mizinga ya nyuki. Mwenye mali aliweka alama ya kiapo penye mpaka, na watu waliamini kwamba mwizi atakayeivuka atapatwa na maradhi. Walakini kila fingo ilikuwa na njia ya kuiondoa. Mwizi alikwenda kwa wenye fingo, akakiri, akalipa mbuzi, naye akafunguliwa. Mwisho uliotakiwa ni kukiri na kulipa, wala si kifo. Nguvu isiyoweza kurudishwa nyuma haikuwa ya uganga. Ilikuwa ya murogi.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote ni ule wa Mugwe, kiongozi mtakatifu wa Wameru. Bernardo Bernardi, padre Mwitalia, alitoa kitabu juu yake mwaka 1959. Nguvu ya Mugwe wa Imenti ilikaa katika mkono wake wa kushoto, ulioshika kitu kiitwacho kiragu. Mkono huo aliuficha chini ya vazi lake, wala haikuruhusiwa mtu yeyote auone. Iliaminiwa kwamba adui wakija, yeye akiuinua mkono ule mara moja tu, jeshi lao husimama. Mtaalamu wa Oxford, Rodney Needham, aliandika makala mashuhuri juu ya mkono huo mwaka 1960. Wataalamu walijiuliza mengi juu ya kushoto na kulia. Mimi mwalimu naona jambo moja rahisi: mtu aliyesemwa kuwa na nguvu kupita wote ndiye aliyefungwa kupita wote. Mkono wenye uwezo mkubwa ulikuwa mkono usiotumika. Hiyo ndiyo akiba ya kweli.

Ni nini basi kilichowatia watu hofu kwa murogi? Naona ni kwamba yeye hakuwa na hesabu. Hapana aliyeujua mkoba wake, wala bei yake, wala mwisho wake. Na hofu ya nguvu isiyo na mwisho huzaa ukatili usio na mwisho. Ukambani, nchi iliyopakana na Embu na Mbeere, wanaume 60 walihukumiwa kifo na mahakama ya kikoloni mwaka 1932 kwa kumwua mwanamke waliyemshuku uchawi. Hatimaye hawakunyongwa, lakini yule mwanamke hakurudi. Sitaki msomaji alisahau jambo hili tunapoyasifu ya kale. Penye desturi nzuri palikuwa na wajane na wazee walioonewa kwa shuku tu, na pengine katika siku zetu wangali wanaonewa.

Serikali ya kikoloni iliyaona maovu hayo, ikatunga Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925. Ilikuwa kosa kujidai uchawi kwa nia ya kutisha au kudhuru, na kuwa na vitu vya kazi hiyo kwa nia hiyo hiyo. Lakini hakimu mgeni angejuaje nia iliyomo ndani ya pembe? Kwake yeye pembe ya mugaa na pembe ya murogi zilikuwa pembe tu. Mwaka ule ule wa 1925, G. St. J. Orde Browne, ofisa aliyehudumu Embu na Chuka, alitoa kitabu juu ya watu wa pande hizi, akakiita The Vanishing Tribes of Kenya, yaani makabila ya Kenya yanayotoweka. Watu hawakutoweka, nasi tupo hapa tunaandika insha. Kilichoanza kutoweka ni mikoba.

Wamisionari nao walikuja na akiba yao. Wamethodisti walifika Meru mwaka 1912, na mwaka 1922 daktari Clive Irvine alianza kazi Chogoria, mahali palipokuja kuwa na hospitali kubwa. Dawa zao ziliponya, na hapana haja ya kulikana hilo. Hata hivyo baadhi ya yaliyokuwamo mkobani yalikuwa elimu ya miti na magome, wala hayakuwa na uchawi wowote. David Brokensha na Bernard Riley walipochunguza maisha ya Wambeere, elimu hiyo iliwatosha kuandika juzuu zima juu ya mimea na matumizi yake, lililotoka mwaka 1988. Mti ambao Wameru huuita mweria, gome lake lilitafutwa Ulaya kwa dawa ya maradhi ya wanaume wazee, hata biashara yake ikawekwa chini ya mkataba wa mataifa mwaka 1995 usije ukamalizwa. Ukiumenya mti huo pande zote, unakufa; ukichukua upande mmoja ukaacha mwingine, unaweza kupona. Wafanya biashara waliomenya pande zote waliona gome lakini hawakuliona buyu.

Sasa namrudia mwanafunzi wangu. Uliniuliza kwa nini miujiza iishe. Nakujibu kwamba nguvu inayoisha ndiyo nguvu ambayo watu wanaweza kuishi nayo. Watungaji wa mchezo walijua kwamba mlozi asiye na kikomo huharibu mezani, na wazee wetu walijua kwamba mganga asiye na kikomo huharibu nchini. Ndiyo maana wakamwekea hesabu ya mbugu, bei ya mbuzi, mwiko, na njia ya kufungua alichokifunga.

Wewe utakuwa mwalimu, mwenzako daktari, na mwingine huenda akawa mbunge au hakimu. Kila mmoja wenu atapewa buyu la namna yake, liwe chaki, sindano au sahihi. Watu watakapokuogopa, jiulize kama wanaijua hesabu yako. Wakiijua, wewe ni mganga wao. Wasipoijua, hata ukiwa na nia njema, mbele ya macho yao hutofautiani sana na yule wa gizani.