Gapi wangu na furu wa Bibi

Bibi yangu wa Butiama aliponitembelea Musoma, alisimama mbele ya tangi langu la kioo akacheka. "Mjukuu wangu, ziwa lote lile lipo hapo nje, wewe umefungia dagaa ndani?"

Nikamweleza kuwa hao ni gapi, samaki wa mapambo.

"Wanaliwa?"

"Hapana, Bibi."

"Furu walikuwa wadogo hivyo hivyo, na tuliwala."

Gapi asili yake ni Trinidad na kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Jina lao linatokana na Robert John Lechmere Guppy, aliyepeleka sampuli London katika karne ya 19. Kuwafuga kunataka subira. Tangi langu lilikaa wiki kadhaa bila samaki, ili waote bakteria wanaobadili amonia ya kinyesi. Kila wiki nilibadilisha robo ya maji, yakiwa yamelala kwenye ndoo klorini ipungue.

Kumbe furu nao wamewahi kuishi kwenye vioo. Kuanzia 1977, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walifanya kazi Mwanza wakihesabu spishi za furu. Ziwa Victoria lilikuwa na zaidi ya 500, nyingi zikiwa hazipatikani kwingine duniani. Jike la furu huatamia mayai mdomoni.

Lakini katika miaka ya 1950 na 1960 sangara alikuwa amepandikizwa ziwani ili kuongeza kitoweo na mapato. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 alikuwa ametawala. Yeye, pamoja na maji yaliyozidi kuchafuka, aliwapunguza furu mbele ya macho ya watafiti wale. Inakadiriwa spishi 200 hivi zilitoweka. Baadhi zilirejea baadaye. Nyingine zilihifadhiwa kwenye matangi ya Ulaya na Marekani.

Sikatai faida: sangara alileta viwanda vya minofu Mwanza na Musoma, na ada za shule za wengi. Ila furu aliyekaushwa kwa jua alifika hata kwenye chungu cha maskini. Sangara ana mafuta. Kumkausha kunataka moto, na moto unataka kuni.

Nilipopata nafasi ya shahada ya uzamili, rafiki yangu alinishauri: "Wamwage pale Mwigobero, ziwa ni kubwa." Nilishakuwa na ndoo mkononi. Kisha nikakumbuka kwamba jike la gapi hutunza mbegu za dume kwa miezi. Mmoja tu anatosha kuanzisha ukoo. Aliyemleta sangara naye hakuwa na nia mbaya.

Nikawapeleka kwa mtoto wa jirani, pamoja na tangi, chujio na sharti moja: wasifike ziwani.

Bibi alipopiga simu kuuliza habari zao, nilimweleza. Akanyamaza kidogo. "Na wale furu walioko Ulaya," akauliza, "watarudishwa lini?"