Neno la Siri la Mama

Mama alinipigia simu usiku. "Mwanangu, kichwa kimeanza kuniacha."

Kwa wiki mbili kompyuta yake mpakato ilikuwa ikikataa neno la siri, na hesabu za kikoba, ambako yeye ni mweka hazina, zilikuwa humo ndani. Neno lenyewe lilikuwa "mjukuu". Bibi naye alianza kwa kusahau vitu vidogo vidogo, mwisho akasahau majina yetu sote. Nilijua Mama anawaza nini. Hata hivyo nilimjibu kwa wepesi: "Umesahau tu, Mama. Nitakuja Jumamosi."

Jumamosi niliandika mwenyewe. Ikakataa. Nikabonyeza alama ya jicho inayofunua maandishi. Badala ya "mjukuu" nikaona 014244.

Chanzo chake ni cha zamani. Mwaka 1981 IBM ilitoa kompyuta ya IBM PC, yenye kibodi ya vitufe 83. Nafasi ilikuwa finyu, hivyo vitufe vya upande wa kulia vilibebeshwa kazi mbili: kuandika namba na kusogea kwenye skrini kwa mishale. Num Lock ndicho kitufe kilichoamua zamu ni ya nani. Katikati ya miaka ya 1980 ikaja kibodi ya vitufe 101, na mishale ikapewa vitufe vyake yenyewe. Upande wa kulia ukaachiwa namba, na kompyuta nyingi zikawa zinawaka huku Num Lock imeshawashwa.

Kompyuta mpakato ndogo hazikuwa na upande huo wa kulia. Watengenezaji wengi wakazificha namba ndani ya herufi: J, K, L zikawa 1, 2, 3, U, I, O zikawa 4, 5, 6, M ikawa 0. Herufi zote za "mjukuu" zimo humo. Mama aliona vitone sita, idadi ileile aliyoizoea. Angejuaje?

Na nani aliyeiwasha Num Lock? Mimi. Wiki mbili nyuma nilikuja na kibodi kubwa ya kuchomeka ili tujaze hesabu haraka. Niliingia kwenye mipangilio ya kuwashia, nikaamuru Num Lock iwake kila mara. Niliondoka na kibodi yangu, amri ikabaki.

Niliiwasha kompyuta upya, nikaingia kwenye mipangilio ileile kabla Windows haijafunguka, nikaifuta amri yangu. Haikuchukua hata dakika tatu. Kisha nikampisha Mama kitini.

Aliandika polepole, kwa kidole kimoja. Ikafunguka.

"Kumbe sikusahau," alisema, akiitazama skrini.

"Hukusahau, Mama. Kosa ni langu. Nisamehe."

Hakunijibu. Alikuwa ameshafungua daftari la kikoba, anasoma majina ya wanachama kwa sauti, moja baada ya jingine, mpaka la mwisho.