Kimbunga cha mwaka 1872 na karafuu za Zanzibar

Wakazi wa visiwani huishi kwa neema ya bahari, lakini zipo siku ambapo bahari na upepo huwageukia. Kwa watu wa Unguja, siku hiyo ilikuwa tarehe 15 Aprili mwaka 1872.

Zanzibar iko karibu na ikweta, mahali ambapo vimbunga ni nadra, na kwa hiyo hakuna aliyekuwa amejiandaa. Upepo uling'oa mikarafuu na minazi, ukaezua nyumba, ukavunja majahazi bandarini pamoja na merikebu za Sultani Barghash bin Said, aliyekuwa hajatimiza miaka miwili katika utawala. Sehemu kubwa ya mashamba ya karafuu ya Unguja iliangamia kwa siku moja.

Hasara hiyo haikuweza kufidiwa upesi. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa tangu kupandwa hadi kuzaa, na wenye mashamba wengi walikuwa na madeni kwa wafanyabiashara wa Kihindi, dhamana ikiwa ni mashamba hayo hayo. Pemba, kwa upande wake, haikuathirika sana. Bei ya karafuu ilipopanda, wenye mali walielekea huko, na katika miaka iliyofuata Pemba ikaipita Unguja kwa mavuno ya karafuu, nafasi ambayo inayo hadi leo.

Lakini ni nani waliofyeka misitu na kupanda miche mipya? Ni watumwa. Mapema mwaka 1873, mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, alifika kudai biashara ya watumwa ikomeshwe. Sultani alijitetea kwamba nchi yake ilikuwa imekwisha kuharibiwa na kimbunga. Utetezi huo haukumfaa, na tarehe 5 Juni alikubali mkataba uliopiga marufuku kuwasafirisha watumwa kwa njia ya bahari na kulifunga soko lao. Hata hivyo, utumwa wenyewe ulibaki halali Zanzibar hadi mwaka 1897, na watumwa waliendelea kupelekwa Pemba kwa magendo. Hivyo, pigo lililowatia mabwana katika madeni liliwaangukia pia watu wasiomiliki hata mti mmoja.

Mwezi Mei mwaka 2024, kimbunga Hidaya kilipokikaribia kisiwa cha Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari mapema, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa. Mabaharia wa mwaka 1872 hawakupata onyo kama hilo. Hata hivyo, tahadhari huokoa maisha tu. Haiamui ni nani atakayebeba mzigo wa kupanda upya baada ya upepo kutulia, na kisa cha karafuu kinatukumbusha kuuliza swali hilo mapema.