Nta na Silanti za Rangi ya Gari katika Nchi ya Usoke

Nta ya gari na silanti ni vitu viwili vya kupakwa juu ya rangi ya gari iliyokwisha kukauka, ili kuihifadhi na jua, maji, vumbi na uchafu wenye tindikali, na kuizidishia mng'ao. Na ijapokuwa aghalabu watu huviita vyote kwa jina moja la polishi, asili zake ni mbalimbali na kazi zake hazilingani. Nta hutoka kwa nyuki au katika mimea, ilhali silanti hutengenezwa viwandani, na nyingi katika hizo ni za jamii ya silikoni. Vikitumiwa pamoja hupangwa tabaka kwa tabaka, silanti chini na nta juu, na mpango huo haupinduliwi bila hasara. Makala haya yanaeleza sababu ya mpango huo na jinsi unavyofaa Usoke, mji mdogo wa wilaya ya Urambo katika mkoa wa Tabora, kando ya reli iendayo Kigoma, mahali ambapo jua, mchanga na miti huijaribu rangi ya gari kwa zamu, na ambapo nta yenyewe ni zao la tangu zamani.

Nyuki wa pori la miombo hufugwa katika mizinga ya magome au ya magogo itundikwayo juu ya miti, na mrinaji akisha kuyakamua masega asali yake, huyatia makapi katika sufuria ya maji, akayachemsha kwa moto mdogo, kisha akayachuja kwa kipande cha gunia yangali moto. Maji yakipoa, nta huelea juu na kuganda kwa umbo la sufuria, na upande wake wa chini hushikwa na taka nyeusi ambazo hukwanguliwa kwa kisu kabla kibonge hakijapelekwa kuuzwa. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara, mmoja ukielekea Ujiji na mwingine Karagwe na Buganda, na wapagazi wa Kinyamwezi walishuka na mizigo ya bara hata Bagamoyo. Lakini katika siku hizo pembe za ndovu ndizo zilizotawala tijara, na nta ilipata heshima yake hasa wakati wa utawala wa Wajerumani na baada ya reli kufika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kwa maana kitu kizito chenye bei ya wastani hakimlipi mwenyewe kikibebwa mabegani kwa miezi kadhaa, bali humlipa kikipakiwa katika behewa. Zama za Waingereza, Tanganyika ilihesabiwa miongoni mwa nchi ziuzazo nta kwa wingi ng'ambo, na huko ilifanywa mishumaa, marhamu za ngozi, na polishi za viatu, za samani na za magari. Si ajabu basi kwamba nta ya mizinga ya Unyamwezi ilikwisha kung'arisha boneti za watu wa mbali kabla ya magari kuwa mengi Unyamwezi kwenyewe.

Magari ya zamani yalihitaji nta kwa dharura zaidi kuliko ya sasa. Rangi za nitroselulosi, zilizoanza kuenea katika viwanda vya Marekani katika miaka ya 1920, zilikuwa nyepesi kukauka na nzuri kwa macho, illa zilipauka upesi juani, na mwenye gari asiyelisugua kwa nta kila baada ya muda mfupi aliiona rangi yake ikigeuka unga na kubaki katika kitambaa. Tangu miaka ya 1980 mtindo ulioenea ni mwingine: juu ya bati hupigwa rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, juu yake rangi yenyewe, na juu ya yote hupigwa varnishi isiyo na rangi, ambayo mafundi wa gereji huiita klia. Klia ndiyo inayong'aa na ndiyo inayopigwa na jua. Unene wake wa kawaida ni kati ya maikroni 40 na 50, yaani pungufu ya unywele mmoja wa kichwa, na kila mara inaposuguliwa kwa dawa ya kukata, ile ya kuondolea mikwaruzo, huondoka kidogo isirudi tena mpaka gari lipigwe rangi upya. Hapo ndipo faida ya nta na silanti inapodhihirika: ni vitu vya kuliwa na jua na uchafu badala ya klia, navyo hupakwa upya kwa gharama ndogo.

Nta ya nyuki huyeyuka katika joto la nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi. Nta ya kanauba, itokayo katika majani ya mnazi-pori wa Brazili uitwao Copernicia prunifera, ndiyo ngumu kupita nta zote za asili zitumikazo, nayo haiyeyuki mpaka nyuzi 82 au zaidi. Tofauti hiyo ya nyuzi ishirini yaweza kuonekana ni jambo la vitabu, hata mtu aweke kiganja juu ya boneti la gari jeusi lililoegeshwa uwanjani saa nane ya mchana mwezi wa Oktoba. Bati jeusi likikaa juani hupata joto la nyuzi 60 na kupita, na nta ya nyuki iliyopakwa peke yake hulainika, ikakamata vumbi, na vumbi hilo likakaa ndani yake. Kwa sababu hiyo watengenezaji huchanganya nta ya nyuki na kanauba, ile ya kwanza ikitoa ulaini wa kupakika na ile ya pili ugumu. Kanauba peke yake haipakiki, maana ni kavu, na hukatika vipande.

Silanti ina tabia nyingine kabisa. Chembe zake za silikoni hushika juu ya klia kwa ncha zake, na dawa iliyoziyeyusha ikisha kuruka hewani, huendelea kukaza kwa muda wa saa 12 hadi 24. Haina ule weusi wa kina ambao nta huipa rangi nyeusi, nyekundu au ya samawati. Mng'ao wake ni mkali na wa juu juu, na wapo wasioupenda. Lakini hustahimili joto na sabuni, na ikiwa nta nzuri hudumu majuma 6 hadi 8, silanti nzuri hudumu miezi 4 hadi 6 katika nchi zisizo na jua kali. Usoke ni nchi ya jua kali, na mwenye gari asihesabu kupata upeo wa muda huo.

Tukisha kuzijua tabia hizo, sababu ya mpango wa tabaka haihitaji maneno mengi. Silanti hushika klia iliyo tupu na safi. Ikipakwa juu ya nta, haikuti cha kushika isipokuwa nta, na siku nta inapoyeyuka au kuoshwa, silanti nayo huondoka kabla ya kumaliza kazi iliyonunuliwa kuifanya. Zaidi ya hayo, dawa ya kuyeyushia iliyomo ndani ya silanti huilainisha nta iliyo chini yake, vikachanganyika, na kitambaa kikaacha mawingu ambayo hayafutiki. Kinyume chake, nta ikipakwa juu ya silanti iliyokwisha kukaza hukaa vizuri, hutoa kina cha rangi, nayo hupokea jua na tope la kwanza.

Wapo waaminio kwamba matabaka yakizidi, hifadhi na mng'ao huzidi kwa kadiri hiyohiyo, na huonekana wakipaka nta mara tano na sita kwa siku moja. Haya si kweli, na yafaa yaelezwe kwa wasaa, kwa sababu ndiyo makosa yapotezayo fedha nyingi. Nta mpya huja pamoja na dawa yake ya kuyeyushia, na dawa hiyo huiyeyusha sehemu ya nta ya kwanza, hata kitambaa cha kufutia kikaondoa kiasi kilekile kilichoongezwa. Kinachosalia juu ya rangi ni utando usiofika maikroni moja, ama umepakwa mara mbili ama mara kumi. Tabaka la pili lina faida moja ya hakika, nayo ni kuziba mahali ambapo mkono ulipita bila kuacha kitu, kama vile kandokando ya vitasa, chini ya vioo vya pembeni na kwenye mikunjo ya mlango. Basi silanti ipakwe mara mbili, kwa kuachana angalau nusu siku, na nta mara moja au mbili juu yake siku ya pili. Kinachozidi hapo ni mazoezi ya mkono.

Na kabla ya hayo yote kuna kazi ya kutayarisha, ambayo ndiyo nusu ya mwisho wake mwema, nayo huchosha. Gari huoshwa kwa maji mengi na sabuni laini. Matone ya lami, ambayo hurukia milango ya chini katika barabara ya Tabora, Ndono na Urambo, huondolewa kwa mafuta ya taa kidogo juu ya kitambaa, na mahali hapo hupigwa sabuni mara moja. Kisha mtu avae mfuko wa nailoni mkononi na kupitisha vidole juu ya boneti taratibu: mfuko huo hufanya ngozi ihisi chembe ndogo ambazo mkono mtupu hauzihisi, na rangi iliyoonekana safi mara hujulikana kuwa imejaa vijipele. Chembe hizo huondolewa kwa udongo maalumu wa viwandani, ufinyangikao, unaotelezeshwa juu ya maji ya sabuni. Rangi iliyopauka au yenye mikwaruzo husuguliwa kwa dawa ya kukata kabla ya kupakwa kitu chochote, maana nta haiponyi mkwaruzo; huujaza kwa muda tu, na mvua za kwanza hufichua yote. Mwisho hupanguswa kwa spiriti ya dukani iliyochanganywa na maji, ili mafuta ya dawa ya kukata yasibaki kati ya klia na silanti.

Katika Usoke na vijiji vyake, adui wa kwanza wa rangi ni mchanga. Nchi hii imekaa juu ya mawe ya itale, na mchanga utokanao nayo una chembe ngumu zinazokwaruza hata kioo; kwa hiyo kupangusa vumbi la kiangazi kwa kitambaa kikavu, kama wafanyavyo madereva wengi kila asubuhi kwa nia njema, ni sawa na kupiga gari msasa. Vumbi liondolewe kwa maji, na ikiwa maji ni ya kuchota mbali, basi ni afadhali liachwe lilivyo mpaka ndoo mbili zipatikane, moja ya sabuni na moja ya kusuuza kitambaa. Adui wa pili ni kivuli, na hili wageni hawalitarajii. Miembe, iliyopandwa kwa wingi katika njia za misafara na kubaki fahari ya Tabora mpaka leo, hualika kila gari chini yake. Lakini maembe yanapoiva katika miezi ya mwisho ya mwaka, ndege na popo huyafuata, na mavi yao yenye tindikali yakikauka juu ya bati lenye joto huila klia kwa saa chache na kuacha doa lenye umbo lake. Utomvu wa mwembe nao hunata. Katika vijiji vya tumbaku kuna pia jivu la mabani ya kukaushia tumbaku, ambalo likilowa umande hutoa maji makali ya jamii ya magadi. Dhidi ya mambo haya matatu silanti husaidia sana, nta husaidia kiasi, na kuosha siku ileile hushinda zote mbili.

Mintarafu ya majira, nchi ina mvua tangu Novemba hata Aprili au mapema Mei, kisha kiangazi. Silanti ya mwaka hupakwa vizuri mwishoni mwa Oktoba, na mara ya pili mwezi wa Mei tope linapokauka. Nta huongezwa juu yake kila mwezi mmoja au miwili, kwa kadiri matone ya maji yanavyoonyesha. Tone lililo duara na lenye kuteleza ni dalili kwamba utando upo. Maji yakitanda bapa na kugandama, utando umekwisha au umefunikwa na uchafu, na mtu aoshe kwanza kabla ya kuhukumu. Kazi ifanyike asubuhi au jioni, bati likiwa baridi na gari likiwa chini ya paa, si chini ya mwembe. Kila kitu kipakwe chembamba. Nta ikisha kufanya ukungu, ipitishwe ncha ya kidole: ikiondoka safi ni tayari kufutwa, ikipakazika bado.

Watu huuliza kama nta ya hapahapa, ya mizinga ya jirani, haiwezi kuyeyushwa pamoja na tarpentaini na kupakwa gari. Yawezekana, na mchanganyiko huo ni wa kale na mzuri kwa meza za mninga, viti na ngozi. Juu ya gari, hasa lenye rangi ya giza, hulainika mchana, na ikiwa haikuchujwa vyema hubaki na gundi ya nyuki inatayo na kugeuza weupe kuwa manjano. Kupangusa gari kwa dizeli ili ling'ae, desturi ambayo bado imo kwa baadhi ya waosha magari, ni kubaya zaidi, kwa sababu ule mng'ao ni wa mafuta yaliyolowa, nayo hukusanya vumbi kabla gari halijatoka uwanjani. Sabuni ya unga ya kufulia nayo huondoa nta kwa kuosha mara chache tu, na mwenye gari akaulaumu ubora wa kopo.

Magari meupe na ya rangi ya fedha, ambayo ndiyo mengi katika yale yaliyotumika Japani na kuingizwa nchini, hayapati kwa nta uzuri unaoonekana kwa macho, silanti yatosha. Nta juu ya silanti ni kwa mwenye gari jeusi, jekundu au la kijani kibichi, na mwenye fedha ya kopo moja tu, gari lake liwe la rangi gani, anunue silanti na kuipaka kabla ya mvua za Novemba.